Hongera kwa Baba Yako

Naapa kwa meno yangu yote, ya kuzaliwa na ya kununua: haya ni kweli tupu.

Siku Douwe alipotimiza miaka sitini, binti yake Wietske alikuja kwao mjini Meppel kwa treni, akamalizia kwa baiskeli, neno moja limemkaa kooni. Alikuwa ameacha chuo. Hakuwa akilala; alilia bafuni maji yakimwagika, wapangaji wenzake wasisikie. Alitaka baba yake alisikie hilo kutoka kinywani mwake. Basi, hakutaka zaidi.

Lakini ukoo ule! Walikaa duara, magoti yakitazamana, kama wagonjwa wanaomngoja mganga wa macho. Ikambidi azunguke kumpa kila mtu mkono. "Hongera kwa baba yako!" "Hongera kwa shemeji yako, Mjomba!" Kwao, mmoja akiongeza mwaka, ukoo mzima umeshinda vita. Kisha akapewa kipande kimoja cha keki, chembamba kiasi cha kusomea gazeti nyuma yake, akakalishwa karibu na Mjomba Geert.

"Umepita njia gani?"

"Nimekuja na treni, Mjomba."

"Ungekuja na gari ungepita Zwolle. Hoogeveen wanachimba barabara."

Wakaijadili barabara hiyo mpaka kahawa ikapoa. Watu wanaojua kila kona ya nchi, ila njia ya kumfikia mtoto wao hawaijui!

Wietske akaweka sahani chini. "Baba, nimeacha chuo. Silali. Siko sawa kabisa."

Jibini ya Shangazi Hilje ikakwama nusu ya safari ya kwenda kinywani. Mjomba Geert, ambaye maishani mwake hajawahi kusikia tangazo kwenye duara lile akalijibu vingine, akainuka akamshika Douwe mkono.

"Hongera kwa binti yako."

"Hongera, mwanangu, hongera!" Shangazi akadakia. Na wote, kondoo wale, wakasimama kupeana mikono.

"Mnanipongeza?" Wietske akafoka. "Ningekufa mngeuliza jeneza limepita njia gani!"

Akatoka. Douwe akamfuata uani na pampu mkononi, akapiga goti kando ya baiskeli, akaanza kujaza tairi la mbele.

"Baba, tairi halina shida. Ninayeishiwa upepo ni mimi."

Hapo Douwe akaitupa pampu, akamkumbatia, akalia kama ng'ombe aliyesahauliwa kukamuliwa. "Tangu lini, mwanangu?" Wakaongea mpaka wageni wakaondoka.

Hivyo ndivyo nilivyowasimulia wazee wenzangu mkahawani, na machozi yalikuwa yakiwatoka vizuri tu, mpaka msichana wa meza ya nyuma akageuza kiti. Wietske mwenyewe.

"Mzee muongo wewe! Baba yangu amkumbatie nani? Alisema, 'Ngoja nimalize tairi.' Nikangoja. Alipomaliza la mbele, akaanza la nyuma."

Wazee wakacheka hadi wakapaliwa. "Lipa, Roelof! Mnunulie keki!"

"Keki nimechoka nazo," Wietske akasema, akisogea mezani kwetu. "Atalipa kwa kufunga domo. Anasimulia habari zangu, leo atazisikia."

Nikafunga domo. Akaanzia kwenye kile chumba chake cha kupanga, na mvua iliyokuwa ikinyesha nje ilipokatika, masimulizi yake yalikuwa bado hayajafika kwa baba yake.