Ncha ya Kampala

"Ukiimaliza muzuri, muzee, tunaenda na wewe," alisema kamanda. "Kule tuko na makamiyo mingi ya kutengeneza."

"Ndiyo, chef," fundi Sikuli akajibu.

Ekseli ya lori lao, kamiyo kama walivyoliita, ilikuwa inazunguka kwenye mashine yake ya kukerezea vyuma. Pembeni, mashine ya fundi mwenzake, Cubaka, ilikuwa imefunikwa turubai. Mwezi uliopita watu hawa hawa wenye silaha walimletea Cubaka kazi. Akaifanya vizuri mno, maskini, wakamsifu, wakampandisha garini na aproni yake. Hajarudi hadi leo. Mkewe, Gisèle, huja kila siku kuifungua mashine ya mumewe, kuipanguza vumbi na kuifunga tena.

Na Sikuli naye, kwa mazoea tu ya mkono, alikuwa amefunga ncha yake nzuri ya kukatia, ile iliyotoka Kampala, yenye ngozi nyembamba ya rangi ya dhahabu. Ncha ya kawaida ingekwisha zamani kwenye chuma kigumu vile. Hii ilikata tu. Vipande viliruka vikiwa vya bluu kwa moto, na ekseli ikazidi kung'aa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Sikuli aliomba chombo chake kiharibike.

Moshi ukapanda.

"Weka maji!" kamanda alifoka. "Hauoni iko inaungua?"

Mafundi wote wa mtaa wa Ndosho humwagia maji chuma cha moto. Lakini ngozi ile ya ncha huvumilia moto, haivumilii baridi ya ghafla, na Sikuli alikuwa amewagombeza mafundi wengi kwa kosa hilo. Ulimi ulimwasha kusema. Akaogopa kumwaga, akaogopa kukataa. Mwisho akachukua kopo, akamwaga.

Tik. Ncha ikapasuka, ikachimba mfereji kwenye ekseli.

Kamanda aliokota kipande, akakitazama, kisha akamtazama Sikuli usoni kwa muda mrefu.

"Iko ingine?"

"Hakuna, chef. Inatokaka Kampala tu."

Nyingine ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake.

"Tutatafuta ya vile." Kamanda akakitia kipande mfukoni. "Kesho asubui tutarudia. Usiende fasi yoyote."

Gari lilipoondoka, Gisèle aliingia na kitambaa chake cha vumbi. Alikuwa amesikia yote kutoka mlangoni. Sikuli alimpa ile ncha nzima.

"Mama Gisèle, fukia hii. Nisiione tena."

Akaifunga kwenye pindo la kitenge. "Sasa utaenda wapi, Papa Sikuli?"

Sikuli alivuta turubai kuukuu kutoka kona, na Gisèle akashika upande wa pili. Wakaifunika mashine ya Sikuli, ekseli ikiwa bado ndani. Gisèle ndiye aliyefunga kamba, haraka, bila kuangalia. Mikono yake ilikuwa imeshazoea.