Injini Isiyokohoa

Tasuke aliegemeza ncha moja ya mwanzi kwenye injini ya lori, nyingine akaitia sikioni, macho kayafumba kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani kupitia ukutani.

"Lina nini?" aliuliza Hirobe, mpishi wa kikosi, kikapu cha viazi vitamu begani.

"Halina ugonjwa. Lina afya kuliko sisi wote. Maana lenyewe halili viazi vyako."

"Ungekula petroli nawe ungekuwa na afya. Sasa kamanda analitakia nini asubuhi yote hii?"

Tasuke hakujua. Saa mbili kamili Kamanda Shirahama alikuja mwenyewe karakanani na kuagiza: lori kwanza, ndege baadaye. Tena lori litiwe petroli ya akiba, ile halisi. Ndege, hizo zilikuwa zinakunywa mafuta ya mizizi ya misonobari, iliyochimbwa na kina mama na watoto wa shule wa kisiwa kizima cha Kyushu, na zikiruka zilinuka kama dawa ya kifua. Tasuke akadhani lori linaenda kuchukua mabomu. Kabla ya vita alikuwa fundi wa mashine za kukoboa mpunga kule Hitoyoshi, na huko alizoea jambo moja: ukiletewa mashine unaisikiliza yenyewe, humwulizi mwenye nayo anaipeleka wapi.

Alikuwa anafuta mikono Nishiwaki alipoingia. Rubani wa miaka kumi na tisa, shingo nyembamba, masikio makubwa. Wenzake walimwita Njiwa, kwa sababu mara mbili alitumwa kwenda kujibamiza na ndege yake kwenye manowari za Wamarekani, na mara mbili akarudi, injini inakohoa. Wenzake waliompa jina hilo sasa hawakuwepo. Jina tu ndilo lililobaki.

Akafungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na plagi, nyeusi, kichwa kimeliwa.

"Nimeikuta kwenye injini yangu, mzee. Hii si ya mwaka huu. Hii ni ya enzi za babu yako."

Tasuke akatazama sakafu.

"Mara zote mbili ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ulinihurumia?"

"Nilikuwa na mpwa wa umri wako. Naye alikuwa na masikio makubwa."

Nishiwaki alicheka kidogo, kisha uso ukamkunjamana. "Mzee, unajua walimwandikia nini mama? Kwamba mwanawe anaogopa. Dukani kwao hawamwuzii chumvi. Na mimi nikirudi mara ya tatu, napigwa risasi hapa hapa uwanjani. Umeniokoa kutoka wapi kunipeleka wapi?"

"Vita vinakwisha, mwanangu. Kila mtu ananong'ona."

"Basi kamwulize kamanda. Akisema vimekwisha, nitakaa. Akisema havijaisha, nifungie plagi ya kweli. Niahidi."

Tasuke akaahidi.

Alimkuta kamanda nyuma ya ofisi, karani wake akichoma makaratasi ndani ya pipa. Moshi ulikuwa mzito. Kamanda alikuwa amenyoa masharubu, na pale yalipokuwa ngozi ilibaki nyeupe kama ya mtoto.

"Afande, samahani. Nataka kufunga plagi za injini ya Nishiwaki. Nataka kujua tu... huko juu hakuna habari yoyote? Ya kusitisha?"

"Habari gani?"

"Wanasema watu, Afande."

Kamanda aliweka mkono kwenye mpini wa upanga wake. "Tasuke, mimi na wewe tuko hapa miaka mitatu. Nakuapia kwa upanga wa baba yangu, sijaambiwa kitu. Manowari zao ziko pale baharini. Kijana aende. Mtilie nusu tanki, inatosha."

"Na hayo makaratasi, Afande?"

"Takataka. Lori limepona?"

"Limepona."

"Fundi mzuri wewe."

Basi Tasuke akafunga plagi mpya, zote kumi na nne, moja moja, akizifuta kwa shati lake la ndani. Hakuwahi kufanya kazi safi kama ile. Akaweka mwanzi sikioni: injini ilikuwa inaimba. Tanki akalijaza hadi mdomoni, maana hakuna fundi mwenye haya anayejaza nusu. Mafuta ya kuruka kwa muda wa saa tatu na nusu. Akatamani na redio iwepo, lakini redio za ndege zote ziling'olewa Juni. Anayekwenda bila kurudi ataongea na nani?

Saa nne na nusu Nishiwaki alimpa bahasha yenye kucha na nywele zake, apelekewe mama apate cha kuzika. "Leo haikohoi, eh?"

"Leo haikohoi."

Tasuke akavuta vizuizi vya magurudumu kwa kamba. Ndege ikapita juu ya mashamba ya viazi, ikawa nukta, ikawa bahari.

Saa sita kamili waliitwa wote wasimame mbele ya redio. Sauti ya Mfalme ilitoka ndani ya mkwaruzo, maneno ya kale, hakuna aliyeelewa nusu yake. Hirobe alidhani wanaambiwa waongeze bidii, akaitika kwa kichwa. Ni mtu wa simu ya upepo, mpokeaji wa ujumbe wa kikosi, aliyekaa chini mchangani, akasema, "Tumesalimu amri."

"Lini?" akauliza Tasuke.

Yule mtu alimtazama kwa macho mekundu. "Simu ya kusitisha safari ilifika jana jioni, mzee. Niliipeleka kwa kamanda kwa mkono wangu."

Tasuke hakukimbia. Alitembea mpaka nyuma ya ofisi. Lori lilikuwa linanguruma, limepakiwa magunia ya mchele, mablanketi, masanduku ya samaki wa makopo. Kamanda alikuwa amevaa shati la kiraia, upanga umefungwa ndani ya blanketi.

"Uliniapia, Afande."

"Tasuke, nisikilize. Kikosi kingesema nini? Njiwa arudi nyumbani akiwa hai, na wale arobaini wamekufa? Nimempa heshima."

"Lori ulilitaka tangu asubuhi."

"Ondoka njiani."

Tasuke hakuondoka. Alifungua boneti, akaingiza mkono, akang'oa waya mmoja. Lori likakata kauli.

"Umerukwa na akili?"

"Nyamaza, Afande. Lilikuwa linapiga kelele. Nataka kusikia ndege."

Na kamanda akampisha.

Tasuke akaenda katikati ya uwanja, waya ungali mkononi. Akachukua vile vizuizi vya magurudumu, akavipanga pale pale ndege inaposimamishwa, upande wa bahari. Mafuta ya ndege yangetosha hadi saa nane. Akachomeka mwanzi ardhini, akalala kifudifudi, sikio kwenye ncha. Maisha yake yote aliomba injini zake ziwe nzima. Sasa alikuwa anaiombea moja ikohoe.

Hirobe akaja, akaketi karibu naye na kiazi cha moto.

"Unasikia kitu?"

"Usitafune," akasema Tasuke.

Hirobe akakishika kile kiazi mkononi, hakutafuna, mpaka kikapoa.