Kizibo cha Kumi na Mbili

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Nani alimtuma afungue mdomo? Alikuwa anapiga pasi blauzi yake ya Jumamosi, mumewe amekaa mezani anakunywa chai huku akibandua rangi kavu kwenye ukucha, naye akasema tu ili kujaza kimya, vile mtu anavyomkaribisha jirani chakula akijua kabisa jirani ameshashiba: "Siku moja na wewe uje uone tunavyochora."

Mume akaweka kikombe chini. "Kesho sina kazi," akasema. "Nitakuja."

Akajibu, "Haya." Angejibu nini tena? Lakini pasi aliisahau pale pale, na kola ya blauzi ikaungua.

Ngoja niseme mapema, asije mtu akamhukumu bure. Mwanamke huyu alikuwa anakaa mapokezi katika kliniki ya macho, na kwa miaka kumi na moja kazi yake ilikuwa kuwaambia watu, "Kaa hapo, utaitwa." Nyumbani yeye aliitwa pale tu kitu kilipopotea. Binti yao aliyeolewa ndiye aliyemwambia, mama, tafuta na wewe kitu chako. Akatafuta, akapata.

Darasa la kuchora lilikuwa bustanini, nyuma ya maktaba, kila Jumamosi saa tisa. Watu kumi na mmoja, stendi za miguu mitatu zimezunguka kidimbwi, na pembeni meza ndefu yenye chupa za mvinyo, jibini iliyokatwa vipande, biskuti za chumvi, zabibu na karanga. Mwalimu, mama mmoja mrefu mwenye kofia pana, hakuwa mwepesi wa kukumbuka majina, kwa hiyo alimwita kila mtu kwa kazi yake. Kulikuwa na Mwanasheria, Mhasibu, Daktari wa Meno, na yeye akawa Mapokezi. Siku ya kwanza aliposikia "Mapokezi, njoo uchukue brashi," machozi yalimlengalenga. Mwenye kuita watu leo ameitwa.

Sasa sikiliza utaratibu wao, maana ndio uliozaa mambo yote. Kila mwanafunzi akifika hupewa kizibo kimoja cha chupa ya mvinyo. Somo likiisha, picha zote zinaegemezwa kwenye ukingo wa maua, na kila mtu anaweka kizibo chake mbele ya picha iliyomgusa. Kujipa mwenyewe ni mwiko. Vizibo vilivyowekwa mbele ya picha yako unaenda navyo nyumbani, na picha yenye vizibo vingi inatundikwa wiki nzima kwenye ukuta wa kuingilia maktaba, jina la mchoraji likiwa chini yake.

Mapokezi aliutaka ukuta ule mpaka akauota. Wiki nane alichora, na wiki nane hakupata kizibo hata cha kuokota. Nyumbani akiulizwa, "Leo vipi?" hujibu, "Karibu nishinde," na huko kukaribia kulikuwa kwa mbali sana. Sasa mwulizaji anakuja kujionea kwa macho yake.

Walipofika, kabla hata ya kusalimia watu, mumewe alisimama kwenye lango la maktaba akapitisha kiganja ukutani. "Huu niliupaka mimi mwaka juzi," akasema. "Mara tatu. Angalia, haujabanduka popote."

"Najua, baba. Twende, tutachelewa."

Bustanini walikuta kifungulio cha chupa kimepotea na Mwanasheria anahangaika na kizibo kwa kisu cha jibini. Mumewe akatoa skrubu na koleo mfukoni. Nakuuliza, ni nani anakwenda kunywa mvinyo na koleo mfukoni? Akaizungusha skrubu, akaivuta kwa koleo, chupa ikafunguka, watu wakapiga makofi. Mwalimu akamwuliza anafanya kazi gani. "Fundi rangi," akajibu, na bustani nzima ikacheka kwa furaha, ikamwita Fundi, ikamjazia sahani. Mapokezi alikaa Jumamosi tatu kabla ya mtu kumsogezea jibini. Huyu hakumaliza dakika tano.

Fundi akapewa nafasi ng'ambo ya kidimbwi, uso kwa uso na mkewe. Siku hiyo walikuwa wanachora benchi la mbao lililokuwa ukingoni mwa maji. Wote wakaanza na penseli, kwa kunyatia. Fundi aliipokea ile brashi nyembamba, akaigeuzageuza, akairudisha kwa heshima, akachomoa brashi pana kutoka mfuko wa nyuma. Kisha akaipaka turubai yote rangi moja ya kijani cha tope, kona hadi kona, mpaka ubavuni.

"Fundi," Mhasibu akasema, "hiyo ni turubai, siyo ukuta wa choo."

"Naweka rangi ya chini," Fundi akamjibu bila kugeuka. "Bila rangi ya chini kitu hakishiki."

Watu wakaangua kicheko, na Mapokezi akafurahi. Sifichi, alifurahi mpaka zabibu zikapata ladha. Acha aharibu, alijisemea. Achekwe kidogo, arudi nyumbani, Jumamosi ijayo alale zake.

Lakini Mwalimu alikuwa ameshasimama nyuma ya Fundi, ameivua ile kofia. Fundi alipiga brashi mara tatu, si zaidi, na benchi likakaa pale juu ya kijani, zito, mtu angeweza kulikalia. "Hebu njooni mtazame," Mwalimu akaita. "Huyu haiogopi turubai. Mnaona? Huyu haogopi."

Wakaenda wote, na vikombe vyao vya mvinyo mkononi. Mapokezi akabaki peke yake upande wake wa maji. Wiki nane Mwalimu alikuwa anapita nyuma yake na kumwambia, "Vizuri, Mapokezi, endelea." Vizuri, endelea. Kama kuna mtu duniani anayejua maneno ya namna hiyo yana maana gani, ni mtu wa mapokezi. Ni kaa hapo, utaitwa.

Wivu ukampanda. Wivu juu ya wanawake wengine angeuelewa, huo angeumaliza njiani kwa maneno mawili matatu. Huu ulikuwa wa kumwonea mumewe mwenyewe, mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na sita, na ulimchoma vibaya zaidi. Ana ngazi zake, alijisemea. Ana ndoo zake, ana vijiwe vyake, ana kuta za mji mzima. Mimi nina hiki kimoja, naye amekuja na koleo lake akakichukua mchana kweupe.

Akanywa mvinyo wote kwa mkupuo. Akachovya brashi kwenye bluu, akachovya kwenye nyeusi, hakufuta wala hakuchanganya, akaburuta kivuli cha benchi ndani ya maji kutoka juu mpaka turubai ilipoishia. Wala hakutazama alichofanya. Macho yake yalikuwa ng'ambo, kwa Mwalimu aliyeinama begani kwa mumewe.

Saa kumi na moja picha zikapangwa kwenye ukingo wa maua. Watu wakapita, wakainama, wakaweka vizibo. Mapokezi alikizungusha chake kiganjani mpaka kikapata moto. Mbele ya picha ya Fundi vilikuwa vinne. Mbele ya picha ya Daktari wa Meno, mama mmoja wa makamo aliyekwisha kutundikwa mara mbili, navyo vinne. Viwili vilikuwa vimetawanyika kwa wengine. Alikiangalia kizibo chake. Kikienda kwa mumewe, mumewe anakwenda ukutani, siku yake ya kwanza, huku mkewe amekaa wiki tisa anasubiri kuitwa. Akajifanya anatafuta leso, akakidondosha ndani ya mkoba.

Ndipo alipoifikia picha yake mwenyewe. Mbele yake kulikuwa na kizibo. Kimoja, kimesimama wima kwenye nyasi. Kitu alichokiombea wiki zote hizo ndicho hiki, na hakikumpa raha hata chembe, maana alijua kimetoka wapi. Nani mwingine angempa kama si mumewe? Amemwona hana kitu, akamtupia.

"Naona kumi na kimoja," Mwalimu akasema. "Na leo tupo kumi na wawili. Kimoja kiko wapi?"

Wakatafuta kwenye nyasi, wakatafuta chini ya meza, wakainua sahani za karanga. Na Mapokezi naye, hebu mwone, akapiga magoti akatafuta, tena kwa bidii kuliko wote. Kilipokosekana, Mwalimu akaamua. Fundi ni mgeni, zamu yake itakuja. Ukuta ukaenda kwa Daktari wa Meno. Fundi akapiga makofi, akampa mkono, akacheka na watu. Walipokuwa wanatoka, alisimama tena kwenye lango la maktaba, ila safari hii hakuugusa ukuta.

Nyumbani jua lilikuwa bado halijazama. Fundi akaegemeza picha zote mbili kabatini, akabandika maji ya chai. Mkewe akatoa kile kizibo alichokishika njia nzima, akakitupa mezani.

"Sikukuomba huruma."

"Huruma gani?"

"Hiyo hapo. Usinionee huruma mbele za watu."

Fundi akakiokota kizibo, akakigeuza. "Hiki si changu, mama. Mimi changu nilimpa Daktari wa Meno."

Mkewe akaketi. Mambo mawili yalimwingia kwa wakati mmoja na hakujua aanze na lipi. La hasira likatangulia. "Mke wako nimesimama pale, wewe unampa Daktari wa Meno?"

"Maji yake yalikuwa na kina."

"Na yangu?"

Huyu ni mtu ambaye hajawahi kumwambia mteja kwamba ukuta umekauka kama haujakauka. Akaileta picha ya mkewe mezani. "Hapa uliogopa," akasema, akionyesha kwa kidole. "Umeigusa rangi, ukaifuta, ukaigusa tena. Imechoka. Hapa pia." Kidole kikashuka kwenye kivuli ndani ya maji. "Lakini hapa hukuogopa. Hapa ni kazi. Aliyekupa kizibo alipaona hapa. Ulipafanyaje?"

Asingeweza kumwambia alipafanyaje. Alikitazama tu kile kizibo, na lile jambo la pili, la furaha, likamfikia polepole. Kuna mtu, hata hamjui ni nani, hakuolewa naye wala hana haja naye, amesimama mbele ya picha yake akainama.

"Majani ya chai uliyonunua yako wapi?" Fundi akauliza.

"Kwenye mkoba," akajibu, na akili yake bado iko bustanini. Alipokumbuka, alikuwa amechelewa. Mumewe alikuwa ametoa pakiti ya majani kwa mkono mmoja, na kizibo kwa mkono wa pili.

Maji yakachemka. Hakuna aliyekwenda kuyatoa.

"Ulikuwa nacho wewe," Fundi akasema.

"Ndiyo."

"Tumetafuta mpaka chini ya meza."

"Ndiyo."

Akasubiri ukali. Haukuja, na afadhali ungekuja. Fundi alivuta kiti akakaa. "Kuta nimepaka miaka ishirini na sita," akasema. "Namaliza, naufuta vumbi, mwenye nyumba anakuja na msumari wake anatundika picha ya mtu mwingine. Ule wa maktaba niliupaka mara tatu, mama. Leo nilidhani..." Hakumaliza. Aliinuka akazima jiko.

Mkewe akasema kwa mgongo wake, kwa kuwa mbele ya uso asingeweza: "Nilikuonea wivu. Kile ni kitu changu, baba. Umekuja siku moja tu ukanipita."

Fundi akageuka. Mkewe akakichukua kizibo cha kumi na mbili, akaenda kabatini, akakiweka mbele ya lile benchi la mipigo mitatu. "Kimechelewa," akasema, "lakini ni chako."

"Kwa hiyo nilishinda."

"Ulishinda."

Fundi akamimina chai, vikombe viwili, akaketi. "Basi Jumamosi sitakuja," akasema. "Kitu chako kibaki chako."

Hilo ndilo mkewe alilokuwa analitaka tangu jana, na sasa ameletewa mezani pamoja na chai. Ahsante ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Akaitazama picha ya mumewe pale kabatini, na wivu ukamchoma upya, haukupungua hata kidogo. Akaitazama na yake. Sehemu zote alizozichora akiwa ametulia zilikuwa zimechoka, kama alivyosema Fundi. Kilichosimama kilikuwa kile kivuli.

"Njoo," akasema.

"Una hakika?"

"Njoo. Na ukae pale pale, ng'ambo ya maji, nikuone vizuri."

"Kwa nini pale?"

"Nikikuona nakasirika," akasema, akivuta kizibo chake kimoja karibu na kikombe. "Na nikikasirika siogopi."

Mumewe akamtazama, akaitazama picha, akamsogezea sukari.