Karamu Juu ya Kiwanja cha Mtakatifu Filipo

Kache alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha kanisa la Mtakatifu Filipo, ungo mapajani, akichagua mchele. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Januari mwaka wa tisini na tatu, kaskazi imeshika, na joto la Mombasa lilikuwa limeamka kabla ya watu. Kitambaa cha buluu cha Umoja wa Akina Mama kilikuwa kimemganda kwenye paji la uso. Kando yake, Nasipwondi, kiongozi wa kwaya, alikuwa akimenya vitunguu saumu na huku akiwasahihisha wenye sauti ya pili, waliokuwa wakifagia ua na kuimba.

Kila mwaka, katikati ya kaskazi, parokia hii ndogo ya Kianglikana iliyokaa baina ya Makupa na Kuze ilifanya Siku ya Kiwanja. Watu walisali asubuhi, kisha wakatoka wote kwenda kiwanja kilicho nyuma ya kanisa. Huko kulikuwa na netiboli ya wasichana, mbio za magunia, kuvuta kamba baina ya akina mama na wanaume, keki za kunadiwa, na pilau ya Kache. Kache alipika jikoni kwa wapagazi wa bandarini Kilindini, na hakujua kupika chakula cha watu wachache. Hata nyumbani, tangu mumewe afariki na bintiye Caroline aolewe, bado aliteleka sufuria la kulisha mtaa.

Majirani Waislamu wa Kuze walikuja pia. Bi Afaf, ambaye dirisha lake la juu lilitazama kiwanjani, ndiye aliyewaazimisha masufuria makubwa, na kila mwaka aliyatoa kwa maneno yale yale: "Yarudi na vifuniko vyake, Kache. Mwaka jana mlinirudishia cha mtu mwingine."

Juma lile, lakini, kiwanja kilikuwa kimezungushiwa mabati. Yalitokea siku moja baina ya asubuhi na adhuhuri, mapya, yaking'aa hadi kuumiza macho. Ilisemekana kwamba kiwanja sasa ni cha Mheshimiwa. Hakuna aliyeuliza Mheshimiwa yupi, kwa sababu uchaguzi ulikuwa umepita majuzi tu na waheshimiwa wote walikuwa wakipewa viwanja.

Kasisi Jared alitoka sakristia akijifuta shingo kwa leso ya mfukoni.

"Mama Caroline," alisema, "tumeshauriana. Mwaka huu tufanyie ndani ya kanisa."

Kache hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Pilau kanisani? Na kamba tuivute madhabahuni?"

"Serikali imeshasema, mama."

"Mimi haijaniambia."

Alimaliza mchele wake, akauosha, akaupika pale uani pamoja na wenzake. Ulipoiva, alijifunga leso kiunoni, akasaidiwa kujitwika sufuria la kwanza, akatoka nje ya lango la kanisa. Akina mama wengine walimfuata, kila mmoja na mzigo wake. Nyuma yao wakaja watoto wa Sunday school na magunia yao, kisha kwaya, kisha wanaume na kamba.

Kwenye mwanya wa mabati alisimama bawabu, Fondo, kijana wa kutoka Kaloleni, rungu mkononi. Alimjua Kache vizuri. Mama yake na Kache walikuwa wakiteka maji pamoja walipokuwa wasichana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tupishe."

"Mama, usinitie taabuni. Nimeambiwa asikanyage mtu kiwanja hiki. Mtu yeyote. Nikiruhusu mguu mmoja, kazi imekwisha."

"Kukanyaga tu ndiko ulikokatazwa?"

Fondo alifikiri. "Ndiko nilikoambiwa."

"Basi hatutakikanyaga," alisema Kache. Akainua mguu wa kulia kama mtu anayepanda kizingiti, akauweka hewani, ukashika. Akainua wa kushoto. Magoti yake yalikuwa mabovu tangu zamani, kwa hiyo alipanda polepole, akipumzika kila baada ya hatua kadhaa, mkono mmoja ukishikilia sufuria. Alipovuka ukingo wa mabati alipita juu ya kiwanja hadi katikati, pale ambapo huandikwa meza kila mwaka, akatua sufuria lake hewani.

Wengine walipanda nyuma yake. Wazee waliokuwa na mikongojo waliinuliwa kwa makwapa. Chonga, mlevi wa mtaa ambaye huja parokiani siku za chakula tu, alipanda bila kuyumba, jambo lililowafurahisha wengi. Meza zilipandishwa, na mikeka, na mabenchi ya kanisa. Kasisi Jared aliwatazama kwa muda kutoka chini, akasema lazima mtu aombee chakula, akakunja kanzu yake na kupanda.

Kutoka dirishani, Bi Afaf alikuwa sasa sawasawa nao uso kwa uso. "Mmekaribia mwaka huu," alisema. "Masufuria yangu lakini! Yakianguka yatabonyea."

"Hayaanguki, Bi Afaf. Njoo ule."

"Nakuja. Naweka buibui langu sawa."

Akatokea dirishani, bakuli la achari mkononi, mabinti zake nyuma.

Huko juu kulikuwa na upepo, jambo ambalo kiwanja hakikuwahi kuwa nalo. Taabu ilikuwa moja tu, ya vitu kuanguka. Mtu alisimama, na alichokiweka mtu kwa mkono wake kilikaa, lakini kilichoponyoka kilikwenda zake chini. Katika mbio za yai kwenye kijiko, mayai yote yalipasukia kwenye mchanga wa Mheshimiwa. Mpira wa netiboli ulipoanguka, Fondo aliuokota na kuurusha juu, na wasichana wakamshukuru. Ulipoanguka tena, msimamizi wa ujenzi alikuwa ameshafika kwa gari. Alitazama juu, akatazama saa yake, akamwambia Fondo kwamba kilichoanguka ndani ya kiwanja ni mali ya mwenye kiwanja. Fondo akaurusha vilevile. Msimamizi akamwambia avue sare aiache pale pale.

Fondo aliikunja sare vizuri, akaiweka juu ya jiwe pamoja na rungu, akapanda akiwa na fulana yake. Kache alimpa sahani.

Wakati wa kuvuta kamba, upande wa wanaume ulipungua mtu. Kache alitazama huku na huku, akamwona mdogo wake, Crispus, bado yuko chini nje ya mabati, na suti yake ya kijivu.

Crispus alikuwa mzee wa kanisa, mwenye funguo, msomaji wa somo la kwanza. Mama yao alifariki Crispus akiwa bado mdogo, na Kache ndiye aliyemlea: alimwogesha, alimpikia, alimsindikiza shule akiwa amemshika sikio. Watu walipomsifu Crispus kwa kusoma vizuri kanisani, Kache ndiye aliyeitikia ahsante.

"Crispus! Njoo ushike kamba, wanaume wanavutwa kama kuku!"

Crispus aliinua mguu. Ulirudi chini. Akajaribu mwingine, nao ukarudi. Akavua viatu, akavua koti, akajaribu tena akiwa ameshikilia mabati, na nyayo zake zikakaa mchangani kama za mtu yeyote wa kawaida. Haikuwa habari ya uzito, maana kulikuwa na wanene zaidi juu. Wala haikuwa habari ya utakatifu, maana Chonga alikuwa juu, anaomba nyama ya pili.

Kache alishuka hadi ukingoni mwa mabati, akainama.

"Crispus, umefanya nini?"

"Ni joto, dada."

"Nimekuuliza umefanya nini."

Crispus alitazama viatu vyake. "Waliniita ofisi ya ardhi. Wakaniuliza kama kanisa linakitumia kiwanja. Nikawaambia hatukitumii."

"Ukawaambia hatukitumii."

"Nilisema si kila siku, dada. Wao ndio waliofupisha."

"Wakakupa nini?"

"Duka. Jengo likiisha. La mbele, linalotazama barabara."

Kache alishajiunguza mara nyingi jikoni. Alijua kwamba mpini wa moto ukiushika kwanza husikii kitu, na kwamba maumivu huja ukishauachilia. Kwa hiyo alibaki vilevile kwa muda, ameinama, mkono kwenye ukingo wa bati. Kisha akapanda, akapakua sahani ya pilau, akaongeza achari ya Bi Afaf, akashuka nayo hadi mdogo wake alipoweza kuifikia.

"Kula," alisema. "Kesho nitakusema mbele ya watu."

Na kesho yake alimsema. Kasisi alipomaliza matangazo, Kache alisimama katika safu ya akina mama, akaeleza kila kitu kwa sauti ya kawaida, Crispus mwenyewe akiwa amekaa mbele. Kasisi Jared alitaka watu waimbe. Nasipwondi alifunga kitabu chake cha nyimbo, na kwaya yote ikafunga.

"Sitaki afukuzwe," alisema Kache. "Nataka arudi kule ofisini akaseme tunakitumia. Ni neno moja tu."

Crispus alisema asingeweza. Aliweka funguo za kanisa kwenye benchi, akatoka kwa mlango wa pembeni. Kache alikaa. Nasipwondi alimshika mikono yote miwili hadi mwisho wa ibada.

Parokia ilikwenda mahakamani. Kesi ilisikilizwa siku ya joto kali, pangaboi likizunguka bila faida. Wakili wa Mheshimiwa alimwita msimamizi wa ujenzi, akamuuliza kama siku ile ya karamu alimwona mshirika yeyote wa kanisa amesimama kiwanjani. Msimamizi aliapa, akasema ukweli mtupu: hakumwona hata mmoja.

Kache aliposimamishwa kizimbani aliulizwa swali lilo hilo.

"Tulikuwa juu yake," alijibu.

"Mlikikanyaga?"

"Tulikatazwa kukikanyaga."

"Jibu ndiyo au siyo, mama."

"Siyo. Lakini kesho mkitaka mtatukuta huko huko."

Hakimu aliandika. Alisema mahakama haina ubishi na mahali walipokuwa washirika siku hiyo, ila sheria iliyo mbele yake inahusu ardhi, na ushahidi wa pande zote mbili unaonyesha kwamba ardhi haikutumiwa na kanisa. Kiwanja kikabaki kwa Mheshimiwa. Nje ya mahakama Kasisi Jared alisema Mungu yupo. Kache alimwambia hilo analijua, lakini Jumamosi kuna mazoezi ya netiboli na asichelewe na mpira.

Tangu siku ile hawakungoja kaskazi. Akina mama walifanya vikao vyao juu ya kiwanja kila Alhamisi. Kwaya ilifanya mazoezi huko. Watoto walikariri amri kumi huko. Jengo lilianza, na lilipopanda, wao walipanda. Mafundi walizoea kusikia nyimbo juu ya vichwa vyao, na baadhi yao, ambao hawakuwa hata Wakristo, walijua sauti ya tatu yote. Mheshimiwa alituma watu waseme kwamba hewa pia ni yake. Kache aliwajibu aje aitoe mwenyewe. Siku moja alikuja kweli, akasimama kwenye ngazi ya mafundi, akanyoosha mguu hewani mbele ya watu, akaurudisha haraka kwenye ngazi. Hakurudi tena, na ujenzi uliendelea.

Fondo hakupata kazi nyingine ya maana. Alikuwa mbeba masufuria wa parokia, kwa chakula tu. Mwaka ambao mfungo wa Ramadhani uliangukia Januari, karamu ilisogezwa hadi baada ya Idi, maana Kache alisema hawezi kupika pilau juu ya vichwa vya watu waliofunga. Bi Afaf alisema hilo lilikuwa jambo la adabu.

Mwaka wa tisini na tisa jengo lilikuwa limefika ghorofa ya tano na kusimama hapo. Chini, upande wa barabara, Crispus alikuwa na duka lake la vifaa vya umeme, na lilikuwa likienda vizuri. Siku ya Kiwanja ilipofika, Kache alipanda kutoka uani mwa kanisa. Alikuwa mzee sasa. Alichukua karibu asubuhi nzima, akikaa njiani mara kwa mara, hewani, kando ya madirisha ya watu waliokuwa wakipiga pasi na kunywa chai. Mpangaji mmoja alimpa maji. Hakukubali Fondo ambebe.

Alipofika juu ya paa alimkuta Crispus amesimama kwenye saruji. Alikuwa amepanda kwa ngazi za ndani, akihema, na alikuwa amebeba kiti cha plastiki. Mvi zilikuwa zimemjaa. Kache alisimama juu kidogo ya paa, kiasi kwamba nyayo zake zilikuwa sawa na magoti ya mdogo wake.

"Dada," alisema Crispus, "shuka kidogo tu. Nimekuletea kiti. Miguu yako naiona."

Kache alikitazama kile kiti. Miguu ilikuwa ikimwaka moto kweli.

"Umekiweka juu ya nini?"

"Juu ya paa."

"La nani?"

Crispus alikifuta kiti kwa kiganja.

"Basi kaa wewe," alisema Kache. "Mimi niko kwetu."

Crispus alikaa. Kache alimpakulia pilau, akainama akamtia sahani mkononi, akamwangalia hadi alipoanza kula. Kisha akanyoosha mgongo na kuwaambia kwaya waimbe kwa nguvu, wasikike hadi madukani chini.