Baridi ya Watu

Sikugundua kwamba kelele zilikuwa zimekwisha. Kelele zikianza, mtu hushtuka. Zikikoma, hudhani ni amani. Nilikuwa nimeketi kilabuni kwa Esnath, mrija mdomoni, mvua ikipiga bati kwa namna yake ya Tukuyu, isiyo na haraka wala nia ya kuacha. Wanaume niliozoea kuwasikia wakibishana hadi mishipa ya shingo inawatoka walikuwa wameinamia chungu cha kimpumu, pombe yetu ya kienyeji, wakisemezana kwa sauti ya chini. Nilifurahi. Nilijiambia kwamba hatimaye wamemsamehe Jairo.

Mwaka ule chuo kilikuwa kimenipa likizo ya utafiti, nami nikaamua kuitumia nyumbani, Msasani ya hapa Tukuyu. Asubuhi niliandika, jioni niliteremka kwa Esnath, ambako waliniita Dokta kwa heshima iliyochanganyika na dhihaka, kwa sababu nilikuwa mtu pekee pale aliyekunywa kimpumu kwa miwani. Huko ndiko nilikokutana tena na Jairo, tuliyesoma naye shule ya msingi. Alikuwa na shamba dogo la chai, sauti nzito ya besi kwaya ilipoimba, na kazi moja isiyo na mshahara ambayo kata nzima iliijua zaidi ya hizo zote: alikuwa kocha msaidizi wa timu yetu, mwenye dhamana ya ushambuliaji. Kocha mkuu alishughulika na ulinzi na nidhamu. Jinsi ya kutafuta bao aliiacha mikononi mwa Jairo.

Naye Jairo hakuwa mtu wa kukimbilia jambo. Tangu utotoni alipima kwa fimbo kina cha kijito alichokwisha kukivuka jana yake. Timu yake ilicheza hivyohivyo. Mpira ulitoka kwa beki ukaenda kwa kiungo, ukarudi kwa beki, ukazunguka, ukapumzika. Na ulipofika karibu na lango la adui, ambapo watu wote walikuwa wameinuka, ulirudi tena nyumbani kama mtu aliyesahau kitu.

"Jairo anashambulia kama mkwe!" Nsajigwa, muuza ndizi, alikuwa akipaza sauti kila baada ya mechi. "Anafika mlangoni, anapiga hodi, akisikia mtu anakohoa ndani, anarudi alikotoka."

"Afadhali huyo mkwe," Meshaki alidakia. "Iko siku atakaribishwa chai."

Jairo mwenyewe alikuwa papo hapo, mrija wake ndani ya chungu kilekile. "Tumefungwa mara ngapi msimu huu? Semeni. Ukiwa na mpira, nani atakufunga? Tulieni."

"Tumetulia mpaka tumelala, kocha!"

Kicheko kikapasuka, naye akicheka kuliko wote, kisha vichwa vyote vikainama kunywa. Sikuona katika ubishi ule zaidi ya ubishi. Sasa ninaamini kwamba ulikuwa namna ya kumtunza. Waliyatoa mbele yake yote waliyokuwa nayo, na kila mtu alikwenda kulala tumbo likiwa tupu, halina neno.

Fainali tulicheza na Masukulu. Ukungu ulishuka kutoka mlimani tangu asubuhi, na uwanja ulikuwa tope. Watu walikuja wengi kuliko kawaida, kwa sababu ilijulikana kwamba wapo wageni wawili kutoka timu moja ya Mbeya, waliokuja kumtazama kijana mmoja tu: Lwitiko, mshambuliaji wetu, mwana wa pekee wa Meshaki. Meshaki alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Hakukaa. Alitembea kandokando ya mstari kipindi chote cha kwanza, akiukanyaga ukungu.

Kipindi cha pili mpira mrefu ulimkuta Lwitiko nyuma ya beki wao wa mwisho. Beki aliteleza. Kati ya kijana yule na lango hapakuwa na mtu ila kipa, na kipa mwenyewe alikuwa amesita, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Uwanja mzima ulivuta pumzi. Ndipo sauti ile nzito ya besi ikasikika kutoka kwenye benchi.

"Rudisha! Rudisha mpira!"

Lwitiko alisita kidogo tu. Kisha akageuka, akaurudisha mpira kwa kiungo, kama alivyofundishwa.

Baadaye Masukulu walipata kona, mpira ukagota kwenye tope mbele ya lango letu, na mtu wao mmoja akausukuma ndani kwa goti. Mechi ikaishia hapo. Wageni wa Mbeya waliondoka kabla ya kombe kutolewa. Walipita karibu nami, nikamsikia mmoja wao akimwambia mwenzake, "Kijana ana adabu. Lakini hatukuja kutafuta adabu."

Meshaki naye alikuwa karibu. Alimwendea Jairo kwa hatua za taratibu, watu wakajipanga kuamua ugomvi. Hapakuwa na ugomvi. Alimpa mkono, akasema, "Pole, kocha." Nikavutiwa mno na ustaarabu wake.

Baada ya siku ile hakuna aliyemwita Jairo mkwe. Alikuja kwa Esnath, akapishwa mahali, akapewa mrija. Aliongea habari za fainali, kwa makusudi nadhani, akiwachokoza: "Mbona leo hamnikemei?" Nsajigwa akajibu kwamba ya mpira yamepita, sasa ni msimu wa viazi. Jairo alipoaga na kutoka, vichwa vilisogeleana. Sikuyapata maneno, ila niliona midomo ikicheza. Haukupita muda mrefu akaacha kuja, tukaambiwa anaumwa.

Ugonjwa wake ulianza kwa baridi. Jua la mchana lilimkuta kando ya moto, amevaa makoti mawili. Miguu ikavimba. Hospitalini walisema ni moyo, umetanuka. Wakampa dawa na wakamwonya asipande milima, jambo ambalo kwa mkazi wa Rungwe ni sawa na kuambiwa asitoke nje.

Kisha alasiri moja mkewe, Atupokile, akasimama mlangoni pa kilabu. Alikuwa mwanakwaya, hajawahi kuvuka kizingiti kile. Maji yalimchuruzika kutoka kwenye kitenge alichojitanda kichwani. Esnath alimvutia kigoda, akakataa kukaa.

"Shemeji zangu," alisema, "nimekuja kuwaomba. Njooni nyumbani mkamtukane mume wangu."

Nsajigwa alicheka, akajikuta anacheka peke yake. "Mama Prisca, mgonjwa hatukanwi."

"Alipokuwa mzima mlimtukana kila siku, akarudi nyumbani akala, akalala. Tangu mnyamaze, halali. Mnadhani sioni? Nikipita sokoni mnafunga midomo. Nikishawapa kisogo mnaifungua. Blanketi zote za nyumba ziko juu yake, na bado ananiambia, mke wangu, baridi." Akatutazama mmoja mmoja, na alipofika kwangu hakuyaondoa macho upesi. "Dokta, waambie wewe uliyesoma. Hiyo si imbepo? Si ninyi hapo?"

Hakuna aliyeuliza neno lile maana yake nini. Bibi zetu walitufundisha kwamba hasira ya majirani ikisemwa huisha, kama moshi uliopata dari la wazi. Isiposemwa, ikinong'onwa tu mgongoni kwa mtu, hugeuka upepo wa baridi unaomwingia mifupani. Dawa yake moja tu: wenye hasira waende kwake, wayatamke yote mbele yake, kisha wapulize maji chini. Nilikuwa nimeyafundisha hayo darasani kwa miaka, kama mambo ya watu wa kale. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitahesabiwa miongoni mwa wapulizaji.

"Tutakuja," nilisema, kwa kuwa wengine walikuwa wakinisubiri niseme.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda. Jairo alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mdogo kuliko nilivyomzoea. Atupokile alitutengea bakuli la maji. Mwanzoni ilikuwa aibu tupu. Watu wazima, suti za kanisani, hakuna ajuaye pa kuanzia. Nsajigwa akakohoa.

"Jairo, wewe ni mwoga."

"Ndiyo," Jairo alisema. "Endelea."

"Mwoga wa ajabu. Timu imejaa vijana wenye mbio, umewageuza walinzi wa benki. Siku ile tulipocheza na Kisiba, wamebaki pungufu, bado unarudisha nyuma! Nilikwenda nyumbani nikakosa kula. Mke wangu akadhani nimekula kwingine, tukagombana. Ndoa yangu hiyo, Jairo, kwa ajili ya pasi zako!"

Mgonjwa alicheka hadi akakohoa, na kikohozi kilipomwachia, uso wake ulikuwa na rangi. Nsajigwa akanywa funda la maji, akalipuliza mlangoni. Wengine wakafuata, na haukupita muda chumba kikawa kama kilabuni: huyu akidai kiungo alipaswa kusogea, yule akimpinga, wa tatu akipanga vikombe juu ya stuli kuonyesha winga angepita wapi. Jairo akatoa mkono chini ya blanketi, akakirudisha kikombe kimoja nyuma. "Hapo ukipoteza mpira, umekwisha," alisema. Wakamzomea. Zamu yangu ilipofika nilimwambia kwamba nilikuwa nikiaibika kumtetea mbele ya watu, na kwa hiyo niliacha kumtetea. Akaitikia kwa kichwa. Nikapuliza maji yangu.

Meshaki alikuwa ameketi karibu na dirisha. Alibaki yeye.

"Baba Lwitiko," Jairo alisema. "Wewe ndiye hasa."

"Mimi sina neno."

"Nilimwona yuko peke yake," Jairo alisema. "Sikuona wa kumsaidia. Niliogopa. Hakuna zaidi ya hilo, niliogopa tu. Niambie."

Meshaki alisimama, akachukua kofia yake. "Ugua pole, kocha. Mimi sina neno na wewe." Akatoka kwa adabu ileile, bila kuligusa bakuli. Atupokile alibaki akiyatazama maji yaliyosalia, na sisi tuliokuwa tumepiga kelele tukajiona kama watoto waliocheza mchezo wa wakubwa.

Kesho yake nilimfuata Meshaki shambani. Alikuwa akikata majani makavu ya migomba, na hakuacha kukata. Nilimweleza kwamba sidai aamini lolote. Kwamba moyo wa Jairo ni mbovu, na madaktari wanajua zaidi yetu. Lakini mgonjwa anaamini, na neno moja kutoka kwake lingempa usingizi. Nilizungumza vizuri. Nimezoea kuzungumza vizuri.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Lwitiko hagusi mpira siku hizi," alisema. "Nilimwambia kacheze hata na watoto. Akaniuliza, nicheze ili nirudishe?" Panga likashuka. "Dokta, wewe mambo haya umeyasoma. Nikimwambia, yanakwisha, siyo?"

"Yanakwisha."

"Basi ndiyo hivyo. Sitaki yaishe."

Nilikuwa na majibu ya kila namna, ya Biblia, ya sheria, ya utu, na yote yalihitaji mtu anayetaka yaishe. Aliniuliza kwa upole kama ningependa kuchukua mkungu nyumbani.

Jairo alifariki kabla viazi havijavunwa. Daktari alisema ni moyo, na sina sababu ya kumpinga. Siku za mwisho, Atupokile aliniambia, hakulalamikia maumivu. Aliuliza tu kama mlango umefungwa.

Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Kwetu jirani hachimbiwi na wageni, kwa hiyo wanaume tulishika zamu, wawili wawili. Meshaki aliingia shimoni zamu ya kwanza na akakataa kutoka. Watu walimwachia. Alichimba bila kupumzika hadi mabega yakazama, kisha kichwa, tukawa tunaona udongo tu ukirushwa juu. Ndipo tulipoanza kumsikia.

"Alikuwa peke yake, Jairo. Kipa amesita. Hata mimi mzee ningefunga." Udongo. "Koti nilivaa kwa ajili ya siku ile. Nilimwahidi mama yake." Udongo. "Ungenyamaza tu. Hata bila kusema 'piga'. Ungenyamaza."

Aliyataja yote, kwa sauti iliyofika hadi walipoketi wanawake, na kilio chao kikapungua ili wamsikie. Nsajigwa alinitazama. Hakuna aliyejua kama ilifaa kumteremshia maji. Alipomaliza, alinyoosha mikono, tukamvuta juu. Hakumtazama mtu.

Msimu uliofuata kata yetu haikupeleka timu kwenye mashindano, na hakuna aliyeuliza kwa nini.