Nilikwenda Kumsindikiza Fredrick

Mie na mwalimu Fredrick tumepakana ukuta kule Madale. Yeye alistaafu kufundisha, mie nachomelea mageti. Mwaka jana alianza kuinukainuka: msibani, kwenye kikao cha mtaa, katikati ya maneno anaomba radhi anakwenda chooni, na akirudi unamuona bado hajamaliza. Mkewe, Demetria, akanifuata karakana.

"Shemeji Nassibu, mwenzio anakojoa kwa shida na hospitali hataki. Wewe atakusikiliza."

Ugonjwa wenyewe hakuuogopa sana. Alichoogopa ni kidole cha daktari, maana barazani tulikuwa tumekicheka mno. Hospitali ilipotangaza siku ya kupima tezi dume, nikamshika mkono kama mtoto wa darasa la kwanza.

Pale mezani nesi akaandika jina lake, kisha akanitazama. "Na wewe, baba, una miaka mingapi?"

"Hamsini na nane. Lakini mie sina tatizo."

"Hatusubiri tatizo. Kwanza ni damu tu."

"Usipopima, na mie naondoka," Fredrick akasema. Basi nikakunja mkono wa shati.

Wiki iliyofuata tukarudi kuchukua majibu. Fredrick alitangulia, akatoka anatabasamu: tezi imetanuka kwa umri tu, kapewa vidonge. Na mie nikaingia nikitabasamu. Daktari, binti wa umri wa mwanangu Shamimu, akaniamkia, akainuka akafunga mlango. Ule mlango ndio ulionitisha. Fredrick alipokuwa ndani ulikuwa wazi.

"Baba, kipimo chako kiko juu. Tunapenda kisizidi nne. Chako ni ishirini na saba."

"Lakini mie nakojoa vizuri."

"Wengi huwa hivyo mwanzoni. Na siyo lazima iwe saratani. Nitapima kwa kidole, halafu tupange siku ya kutoa kinyama kidogo kikachunguzwe." Akashika kalamu. "Kwenu kuna mtu aliyewahi kuugua tezi dume?"

"Hakuna," nikasema haraka.

Kile kidole hakikumaliza hata dakika. Wala sikukijali. Nilikuwa namuona baba.

Baba alifia chumba cha uani, Buguruni. Alianza na mgongo, miguu ikafuata, mwisho hakuweza kugeuzwa bila kupiga kelele. Tukasema karogwa. Siku za mwisho hospitali walimwekea mpira wa mkojo, wakautaja ugonjwa kwa jina, na sie tukalifunika lile jina. Kwa majirani ilibaki kuwa ni mgongo.

Nyumbani nikamwambia mke wangu Hamisa kwamba majibu ni mazuri. Siku ya kutoa kinyama ikafika, nikavaa nikaenda kazini. Fredrick peke yake ndiye aliyejua. Akaja, akageuza ndoo akaikalia. Kesho yake akaja tena.

"Mwalimu, nina kazi."

"Fanya. Sijakuzuia."

Mwezi mzima nikawa najisikiliza. Chooni nahesabu nimesimama muda gani. Kitandani nageuka taratibu, nipate kujua wapi patauma. Siku moja nikainua geti peke yangu, kiuno kikanishika, nikakaa palepale kwenye vumbi la chuma. Nikajua ya baba yamenifika. Nikachezesha vidole vya miguu, kimoja kimoja. Vilicheza vyote, na bado jasho likanitoka.

Fredrick akanirudisha nyumbani. Hamisa alipokuwa ananikanda, nikamwambia yote. Mikono yake ikasimama.

"Mashuka ya baba yako niliyafua mie," akasema. "Miezi saba. Nayafua kabla watu hawajaamka, wasione. Baba Shamimu, usinirudishe kule."

Hakulia. Afadhali angelia.

Tukaenda wote watatu. Kiuno kilikuwa msuli tu. Nikamwambia daktari ukweli kuhusu baba, akaandika bila kunigombeza. Kinyama kikatolewa. Majibu yalichukua wiki mbili na nusu, na wiki hizo sitaki kuzisimulia. Ilikuwa saratani. Ila ilikuwa bado ndani ya tezi, mifupa salama.

"Ungekaa miaka miwili mingine..." daktari akaanza, hakumaliza.

Nikachomwa sindano za kupunguza homoni za kiume, nikapigwa mionzi kwa wiki kadhaa. Unalazwa chini ya mashine, unaambiwa usitikisike, wote wanatoka, unabaki wewe na ule mlio. Kila siku niliogopa upya. Nje, kwenye benchi, Hamisa na wake wa wagonjwa wengine waliambiana bila haya: nani mkojo unamponyoka, nani joto linampanda kama mwanamke aliyekoma hedhi. Sie wanaume tulianza kwa kusikiliza tu, kisha tukajifunza kusema.

Kipimo sasa kiko chini ya moja. Kila miezi mitatu narudi, na wiki ile chakula hakipiti.

Daktari aliniagiza jambo jingine: kwa ajili ya ugonjwa wa baba, ndugu yangu naye apime. Mdogo wangu Faraji anaishi Goba, ana miaka arobaini na tisa. Nikamfuata nikamweleza lile tulilolifunika, nikamweleza na langu. Alisikiliza akiangalia chini, funguo za gari zikigongana mkononi.

"Nimekusikia, kaka. Jumatatu nitakwenda."

Jumatatu tatu zimepita. Nikimpigia ananiuliza habari za dawa, kisha anasema mtandao unasumbua. Jana sikupiga. Nimemwambia Hamisa kesho asubuhi tunakwenda Goba, na tukifika hatuondoki mpaka Faraji avae viatu.