Divai ya Matanga ya Oreste

Secondina alikuwa amechoka uchovu ule ambao ukimuuliza mtu jina lake anakujibu "ndiyo". Tangu mavuno alikuwa akimgeuza mumewe kitandani, akimfulia mashuka, akimlisha kama kifaranga. Na asubuhi hii ya Novemba walikuwa wamemzika huyo mumewe, Oreste, katika ukungu mzito hivi kwamba padri alianza kubariki upande usio na jeneza, mpaka mtu akamshika bega akamgeuza.

Sasa waombolezaji walikuwa wanakuja kula. Supu haijachemka, wifi yake Ottavia keshasimama mlangoni pa jikoni.

"Wifi, unawapa divai gani?"

"Iliyopo."

"Ziko mbili."

Ni kweli, zilikuwa mbili. Kwenye vilima vya kwao kila mkulima wa zabibu ana divai mbili nyekundu, kama alivyo na viatu vya shambani na vya kanisani. Ipo dolchetto, nyepesi, ya kila siku, na ipo nebiolo, nzito, ya heshima, inayolazwa gizani miaka mpaka hasira zake ziishe. Rangi isikudanganye. Dolchetto ni nyeusi kama wino, lakini inateremka kooni kama mgeni mwenye adabu. Nebiolo imepauka kama tofali kuukuu, na ukiipa ulimi inaukamata.

Lakini Secondina hakuwa akiwaza heshima ya mezani. Alikuwa akiliwaza sanduku lake la nguo. Ottavia alilifunga alfajiri, na shemeji yake Celestino akalitia kwenye buti ya gari. Ndugu hao wawili wa marehemu, wasiooa wala kuolewa, waliishi pamoja mjini Alba, ghorofa ya nne. "Tukishakunywa kahawa tunaondoka naye," Celestino alikwisha tangaza pale pale makaburini. "Chumba kipo, lifti ipo." Na Secondina alijibu ndiyo, maana siku hizo alijibu ndiyo kwa kila mtu. Kwenda hakutaka. Alitaka kulala kwenye kitanda chake. Ila kukataa ni kazi kama kupasua kuni, na mikono yake ilikuwa imekwisha nguvu.

Akajaribu kufanya ujanja. Nyepesi hufungua midomo, aliwaza, nzito hufunga macho. Nikiwapa nyepesi, Celestino ataongea mpaka nijikute garini. Nikimpa nzito atasinzia kitini, giza litaingia, na katika ukungu huu nani ataendesha? Ujanja mzuri, tena wa kizee. Lakini chupa za nebiolo zilikuwa chini kabisa ya ghala, huko kwenye ngazi zinazoteleza, na kila moja lazima imiminwe polepole mashapo yasitibuke. Akazitazama zile ngazi. Zile ngazi nazo zikamtazama.

"Toa dolchetto," akasema.

"Kaka yangu hazikwi kwa dolchetto."

"Keshazikwa, wifi."

Ottavia akashuka mwenyewe, akinung'unika. Akapanda na nebiolo, akaimimina kwenye jagi la kauri, akaliweka karibu na jagi la dolchetto. Majagi pacha, ya harusi ya Secondina.

Watu wakaketi. Celestino akasimama, maana yeye hakuweza kumeza bila hotuba.

"Leo tunakunywa nzito. Nyepesi ni ya kusukumia chakula. Hii ni ya kumheshimu mtu."

"Mimi nipe kwanza ya kusukumia," akasema jirani yao Firmino, aliyekuwa mmoja wa wabeba jeneza. "Heshima nitaifuata nikishashiba."

Kwao wazee huimwagia supu ya moto dolchetto kidogo, ikawa zambarau, wakainywa kwa kuliinua bakuli. Hakuna anayefundishwa. Mkono unajua wenyewe. Basi Celestino, huku akiendelea kuisifu ile nzito, mkono wake ukajiendea, ukashika jagi, ukamimina. Ukamimina nebiolo ya miaka yote ile ndani ya supu.

Meza nzima iliona. Celestino akainua bakuli, akanywa, na mashavu yakaingia ndani kama mtu aliyeuma ndizi mbichi.

"Vipi, shemeji?" akauliza Secondina.

"Iko... iko sawa."

"Celestino," akasema Firmino taratibu, "heshima umeipika."

Secondina akacheka. Kicheko kilimtoka tumboni, kikamuuma mbavu, na hakikutaka kurudi.

"Wifi, watu wanakuona," Ottavia akanong'ona.

Akacheka mpaka machozi, kisha kicheko kikaisha yakabaki machozi peke yake. Akajifuta kwa aproni. Akamnyang'anya Celestino bakuli, akaenda kulimwaga, akalijaza supu mpya, akatia dolchetto kwa mkono wake.

"Kunywa. Mwishoni Oreste aliishi kwa hii. Kijiko kimoja, anapumzika, kingine. Siku moja nikamtilia ile nzito, kwa heshima. Akanitemea."

Celestino akanywa mpaka chini, hakutoa hotuba.

"Shemeji, siji Alba."

"Lakini ulisema ndiyo."

"Hata mchonga mawe alipouliza kama nataka malaika wawili juu ya kaburi nilimwambia ndiyo. Malaika sitaki, na lifti sitaki."

"Sasa utakaa huku ukifanya nini peke yako?"

"Nitalala. Nikiamka niulize tena, nikukatalie vizuri."

Celestino akamtazama Ottavia. Ottavia akawa anakusanya makombo ya mkate yasiyokuwepo.

Mfiwa wa huko haondoki mezani kabla ya wageni. Lakini Secondina akainuka, akasema, "Sahani mnazijua zinapokaa," akapanda juu akishika ukuta.

Akajitupa kitandani na koti lake jeusi. Chini alisikia Firmino akiomba jagi, kisha mlango wa nje, buti ya gari ikifunguliwa, na kitu kizito kikiwekwa sakafuni ukumbini. Baadaye ngazi zikalia. Mtu akamvua viatu, kimoja, kingine, akamvutia blanketi mpaka shingoni.

"Mkaidi kama punda," Ottavia akanong'ona.

Secondina alikuwa macho bado. Ila hakutaka kuulizwa swali lingine lolote, basi akakoroma.